Ruhusa ya Aina Gani

Tabasamu alifika ofisi ya uhamiaji kabla yangu, na hilo peke yake lilinitosha kujua kuna jambo. Nilimkuta amevuta kiti karibu na afisa, wanacheka. Mimi nikaonyeshwa benchi.

Tabasamu ndiye mwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, nilikokuwa napiga pasi. Jina tulimpa sisi wafanyakazi, maana hata akikufukuza anacheka. Niliacha kazi kwake siku mke wangu alipofariki. Baadaye nikapata kwingine, lakini kwenda kuhamisha kibali cha kazi naambiwa Tabasamu ameniandikisha mtoro. Mtoro hahamishiwi kibali, mtoro anarudishwa kwao. Na mke wangu nimemzika huku huku ugenini. Nikirudishwa, nani atampalilia kaburi?

"Karibu mzee," afisa akasema. Kijana, shati lina mikunjo miwili begani. "Utakunywa maji?"

"Nimekunywa nyumbani."

Maji ya watu wanaocheka pamoja mimi siyanywi.

Tabasamu akaniinamia. "Rudi tu kazini, mzee wangu. Haya yote yataisha."

Kumbe! Nilishasikia mrithi wangu kwenye pasi anamchomea mashuka ya watu.

Afisa akamtaka aeleze. "Alifiwa, akaomba ruhusa, nikampa," akasema kwa huruma ya kununua. "Hakurudi. Ningefanyaje?"

"Niliomba ruhusa ya kuondoka kabisa!"

"Ruhusa ni ruhusa, mzee. Mtu anakwenda, anarudi."

"Mke wangu hospitali walimpa ruhusa. Alirudi wodini?"

Walimpa ruhusa kwa sababu walikitaka kitanda, akafia mikononi mwangu. Wakubwa ndivyo walivyo, neno moja kila mmoja analishona kwa kipimo chake.

"Mliongea ana kwa ana?" afisa akauliza.

"Kwa simu. Tulitumiana sauti."

"Hizo sauti bado unazo?"

Ninazo, ila sijawahi kuzisikiliza tena. Nyuma ya sauti yangu kuna vilio vya msibani. Afisa akanyoosha mkono, nami nikaing'ang'ania simu. Ikishaingia mkononi mwa serikali, kinachofutika hukijui.

"Basi bonyeza mwenyewe, baba."

Nikabonyeza. Vilio, kisha mimi: "Bosi, mke wangu ametutoka. Naomba ruhusa. Asante kwa yote." Halafu Tabasamu: "Pole sana mzee wangu. Ruhusa umepewa. Ovaroli na ufunguo wa kabati mwachie mlinzi, kuna mtu anaanza kesho."

Afisa akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Mtu wa kurudi mnamvua ovaroli?" akamwuliza Tabasamu.

"Utaratibu tu, mdogo wangu."

Mdogo wangu! Si nilisema hawa ni kitu kimoja?

"Mimi si mdogo wako," afisa akasema. "Umemwachisha kazi kwa mdomo wako mwenyewe. Saini hapa, habari ya utoro tunaifuta."

Tabasamu akasaini huku anatabasamu, jasho linamtoka puani. Afisa akagonga muhuri, akanipa karatasi. Nikaupitishia muhuri kidole gumba nione kama unafutika. Haukufutika. Hata hivyo nikaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Unatafuta nini, baba?"

"Sitafuti kitu. Naomba ruhusa."

Akacheka. "Ruhusa ipi tena hiyo?"

"Ya kwenda makaburini, kabla hawajafunga geti."

Nikatoka kinyumenyume hadi mlangoni, macho kwao wote wawili.