Ripoti ya Kilo Sitini na Tatu

Jumatatu asubuhi kontabule Séraphin, mtunza hesabu wa kijiji, alibandika bahasha ya ripoti ya miezi mitatu kwa fufu ya muhogo iliyolala, maana gundi ya ofisi ilikwisha tangu Pasaka. Ndani mlikuwa na karatasi kumi na moja, sahihi tatu na muhuri. Sheria ilitaka ifike ofisi kuu ya Walikale kabla ya tarehe tano. Ikichelewa, dawa na mshahara wa mkunga vingekatwa.

Mbebaji alikuwa Pétronille. Aliacha shule mwaka wa nne, na mbele ya watu maneno humkauka. Alitia bahasha katika kitunga, akaweka mkanda kwenye paji la uso, akataka kuinuka. Hakuinuka. Akapiga goti, akajaribu tena, na shingo yake ikautambua mzigo kabla ya akili: mabati kumi na mawili na misumari kilo tatu.

"Papa Séraphin, humu muko mabati."

"Ya maternité, dada. Tuliandika iko imeezekwa."

Maternité, nyumba ya kujifungulia, ilikuwa ng'ambo ya njia: nguzo sita na turubai lenye matundu. Chini yake alilala dada yake Francine, siku zake zimekaribia, na sahani tumboni ya kukinga matone.

"Imeezekwa wapi?"

"Pa ukurasa wa saba."

Pétronille alifikiri kuitupa bahasha mtoni. Lakini mkunga angekosa mshahara, akaondoka zake. Basi aliamua kuipeleka, na huko aombe ipimwe, waone mabati yamo ndani. Mizani haina ndugu.

Alitembea siku tatu. Mabati yalipiga kelele kila alipokanyaga vibaya. Karibu na Itebero kijana wa pikipiki alisimama.

"Dada, unabeba nini? Bwana yako?"

"Ripoti."

"Pole. Ile ripoti ya daraja niliyobeba ilinivunjia resori mbili za pikipiki."

Akaenda zake polepole, asimrushie tope.

Walikale, mpokeaji wa ripoti aliitwa Darius, mtu mpole mwenye miwani. Pétronille alikuwa amelirudia neno lake njia nzima.

"Papa, naomba mupime."

Darius akaiweka bahasha juu ya mizani ya mchele. Kilo sitini na tatu. Akafungua ukurasa wa saba, akapiga hesabu kwa kalamu.

"Bati kilo tano, mara kumi na mbili: sitini. Misumari tatu. Ripoti iko muzuri sana, mama. Zingine zinafika hapa nyepesi kama unyoya, tunazirudisha."

"Papa, kwetu mabati hayako. Yote iko humu. Dada yangu ananyeshewa."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo ndani ya ofisi. Darius alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yangekuwa kule na huku, yangekuwa mara mbili," akasema. "Hiyo njo sheria inakataza."

"Basi muyatoe humu, nirudi nayo."

"Kutoa kunaomba ripoti ingine. Na kwa ripoti ingine, maternité haiwezi kuezekwa mara ya pili." Akapiga muhuri, akampa kopi ya kurudisha nyumbani. "Uzito uko uleule. Usiangushe."

Angeweza kuiacha pale mlangoni. Alikaza mkanda, akainuka kwa jaribio la kwanza.

Alipofika kijijini hakupita ofisini. Aliegemeza ngazi kwenye maternité, akapanda, akaitandika kopi juu ya fito za paa. Fito zikapinda, nguzo zikalia. Mkunga, Mama Euphrasie, aliangalia juu.

"Iko nzito. Tuongeze nguzo, isituangukie."

Wanaume wawili wakakata nguzo mbili, wakazisimika katikati, hata kitanda cha Francine ikabidi kisogezwe. Séraphin alivuka njia kuja kutazama. Alisema kazi imefanywa vizuri, akaandika nguzo mbili.

Alasiri Francine akashikwa na uchungu, na mvua ikaja. Ilipita katikati ya kopi kama haipo, ikapita matundu ya turubai, ikawaangukia wote. Karatasi peke yake haikulowa.

"Petro, uko wapi?" Francine akamwita dada yake.

"Niko hapa."

Pétronille akapanda juu ya gogo, akazishika pembe mbili za turubai lililolegea, akalivuta mpaka maji yakamwagikia upande wake. Mikono ikachoka. Hakuishusha.

"Shika hivyo hivyo," akasema Mama Euphrasie. "Kichwa kinaonekana."

Akashika.