Peril Juu ya Paa

Kwenye ploti yetu ya ghorofa huko Njiru, nguo ukizianika paani hurudi zikitaka. Shati hupanda Jumatatu, Ijumaa unaliona limevaliwa na mtu mnayesalimiana naye. Ndiyo maana Jumamosi hiyo jirani yetu Mama Akech alinishika kola kwenye ngazi. Alikuwa na beseni kiunoni, na ndani ya beseni gauni lake la kwaya, zambarau iliyokolea.

"Wewe ulimaliza Form Four," akasema. "Niandikie kitu cha Kiingereza kwa mlango wa paa. Kitu cha kuogopesha watu."

Gauni lilikuwa jambo zito. La kwanza liliibwa huko huko juu, na kiongozi wa kwaya akaapa kwamba asiye na sare haimbi. Kesho yake ilikuwa zamu ya Mama Akech kuimba peke yake, mara ya kwanza tangu ajiunge. Alikuwa amefanya mazoezi akikaanga samaki mpaka ploti nzima tukaujua wimbo kuliko kiongozi.

"Tuandike 'Caution'," nikamwambia.

"Hiyo ni ya sakafu ya supamaketi. Nani ameogopa maji ya kupiga deki?"

"'Warning'?"

"Iko kwa paketi ya sigara. Muulize Wachira kama amewahi kuisoma."

Wachira wa ghorofa ya pili alikuwa pale pale anavuta. "Nimeisoma," akasema. "Wameiandika vizuri sana."

'Danger' ilikuwa kwenye nguzo ya stima nje ya geti, na fuvu lake, na watu walilikanyaga wakipanda kuunganisha waya. 'Hazard' ni taa anazowasha dereva akitaka kusimamisha gari katikati ya barabara anunue mutura, ile soseji ya matumbo. 'Risk' ni ya watu wa kubeti, na wanaipenda. 'Threat' ni maneno ya mzazi aliyeshika ndala. Ukijua kukimbia, yanaisha. 'Menace', yaani msumbufu, mwalimu aliniandikia kwenye ripoti, mamangu akadhani nimepewa cheo, akaninunulia soda.

"Kwani hakuna neno watu wa hapa hawajalizoea?"

Nikafikiri. "Kuna 'Peril'."

"Hiyo ni nini?"

"Ni hatari, lakini ya zamani. Ya meli na simba. Hata mwalimu aliisoma haraka akapita."

"Hiyo hiyo. Iandike kubwa."

Nikaandika PERIL kwa rangi nyekundu kwenye kadibodi. Chini nikaongeza EXTREME, yaani ya kupindukia, kipimo kisipungue, nikaitundika mlangoni. Mama Akech akaanika gauni, akashuka akiimba.

Tulichosahau sote wawili ni tabia yetu. Mtu wa huku kwetu Eastlands akiona hatari hakimbii. Anasimama, anauliza kuna nini, anatoa simu. Kufikia saa ya chai ngazi zilikuwa zimejaa. Wa chini walipanda kwa sababu wa juu hawakushuka. Mwuza njugu naye akafika. Kwa kuwa hakuna aliyejua peril ni nini, kila mtu alikuwa na habari kamili. Mmoja alisema ni gesi. Mwingine, nyuki wa kizungu. Wachira akasema binamu yake huko Mukuru aliwahi kuipata, akapona, ila hapendi kuizungumzia.

Maingi, keateka wetu, mwangalizi wa ploti, ambaye bomba likipasuka hapatikani wiki nzima, siku hiyo alifika mbio. Akapiga mlango wa paa kufuli.

Jumapili asubuhi Mama Akech alipanda kuchukua gauni lake, akawakuta wote bado wapo.

"Maingi baba, nifungulie."

"Mathe, huko kuna peril. Tena extreme."

"Ni mimi nimeiweka."

Watu wakashuka ngazi moja.

"Umeiweka?" Wachira akauliza pole pole. "Uliitoa wapi?"

"Ni neno tu," nikaingilia. "Huko hakuna kitu."

"Ukiambiwa hakuna kitu," akasema mwuza njugu, "jua kipo." Ngazi nzima ikakubaliana naye.

Kutoka kanisani ng'ambo ya barabara ngoma zikaanza kulia. Mama Akech akamvua Maingi ufunguo shingoni kama anayemvua mtoto sweta. "Nikifa," akasema, "samaki wangu mgawane." Akaingia. Simu zikainuliwa.

"Amekaa sana," Wachira akanong'ona.

Akatoka amelivaa gauni juu ya nguo zake zingine, limekunjamana, kibanio cha nguo kimeng'ang'ania begani. Hakuna aliyethubutu kukitoa. Walimpisha, kisha wakamfuata, mbali kiasi cha kuwa salama, karibu kiasi cha kuona vizuri.

Mchungaji, aliyezoea kuhubiria viti, aliona umati ukiingia akafuta miwani. Wachira, ambaye hakuwa amekanyaga kanisa tangu harusi yake, alikaa benchi la mbele kabisa. Kiongozi wa kwaya akaitazama ile mikunjo, akautazama umati, akampa Mama Akech maikrofoni.

Akaimba. Hakuna aliyekohoa. Alipofika kwenye noti ya juu watu wakashikana mikono. Akamaliza. Hakuna kilichotokea.

"Tunaweza kutoka?" Maingi akauliza chini chini.

"Tulia," akasema Wachira. "Pengine hiyo peril inaanza akirudia wimbo."

Hakuna aliyeinuka. Mchungaji hakuwa tayari kuupoteza umati ule. Akamwomba Mama Akech aimbe tena, na alipomaliza, tena.