Darasa Lote Linajua

Miaka ile ya tisini mwanzoni, Temeke kila kibaraza kilikuwa na bango la twisheni. Cha Mzee Shomari kilikuwa na mwalimu mmoja, Gladness, mtoto wa bara, na siku hiyo kilikuwa na wageni. Wazazi walikuja kuona kama watoto wanajifunza Kiingereza kweli au wanaimba tu. Shomari alishamwambia asubuhi, bila kuzunguka: "Wasiporidhika leo, mwalimu, kazi huna."

Lakini Gladness alikuwa na ujanja wake. Akiuliza swali, watoto wote wananyoosha mikono: anayejua, wa kulia, asiyejua, wa kushoto. Yeye anachagua wa kulia, na mgeni anaona darasa zima moto. Nani atagundua?

"Break!" aliita, wataje kitenzi hicho na nyakati zake.

Mikono tele. Akamchagua Talha, wa kulia.

"Break, broke, broken! The glass is broken!"

Wazazi wakapiga makofi. Akaita "Write," Munira akajibu barabara. Shomari akaanza kutabasamu, na Gladness naye akaanza kupumua.

Ndipo akainuka Bi Mwajabu, bibi yake Naima, mwanamke wa Kizaramo mwenye ulimi usiolala.

"Ebo! Nyie watoto hamna adabu? Wakubwa mnawanyooshea mkono wa kushoto, mkono wa chooni? Kulia, wote! Upesi!"

Ya kushoto ikashuka, ya kulia ikapanda. Yote! Gladness akaitazama mstari kwa mstari. Mungu wangu, sasa nani anajua na nani hajui? Kumkatalia bibi wa watu asingeweza, na kumrudia Talha wangemshtukia.

"Steal," akasema, akanyoosha kidole mstari wa mbele. Kikamwangukia Naima.

Mtoto akasimama, machozi yanamlenga. "Mwalimu, mie sijui. Mie nilinyoosha wa kushoto kama ulivyotuambia, bibi ndo kakataa."

"Aliwaambia nini?" Bi Mwajabu akauliza, na Naima, masikini, akaeleza yote.

Gladness alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nisamehe, bibi. Nilihofia kazi yangu."

Angefokewa ingekuwa nafuu. Bi Mwajabu alisema taratibu: "Mwanangu, nimemleta hapa kwa sababu hajui. Wewe unamfundisha kuficha?"

Akamshika mjukuu wake, wakatoka. Mzazi mwingine akamwita wake, na mwingine. Shomari alimwonyesha mwalimu njia kwa kidevu tu.

Gladness akachukua mkoba wake. Watoto waliobaki, kwa mazoea yao ya kila jioni, wakasimama wima na kuimba kwa pamoja: "Goodbye, teacher! See you tomorrow!"

"Kaeni chini," akawaambia, akatoka.