Sauti Iliyojibu kwa Jina la Tekla

Mimi ni Kasian, mstaafu wa reli, na ukiuliza Uyole, hapa Mbeya, watakuambia ni mwongo. Sibishi. Nimewasimulia mara nyingi jinsi nilivyovuta simu kwa waya wa seng'enge hadi Makongolosi, mbuzi mmoja akawa anautafuna huku anasikiliza, mwishowe akajua dhahabu ilipo kuliko wachimbaji. Watu wanacheka, wananiongezea chai. Sikuwahi kufikiri kuna siku nitataka kuaminiwa.

Umoja wetu wa kusaidiana una gari moja la wagonjwa. Gari linakaa Igawa, kando ya barabara kuu. Simu zinapokelewa Iringa na Tekla, katika chumba cha juu ya ghala la Bi Mwanakhamisi, mwenyekiti wetu. Na seva inayozipeleka simu hizo iko kwangu Mbeya, kompyuta kuukuu chini ya kitenge. Skripti, yaani maagizo yanayoiongoza, niliiandika mwenyewe. Sikusomea, nilijifunza kwa kuharibu.

Asubuhi moja Bi Mwanakhamisi akanipigia.

"Mzee Kasian, shikamoo. Mashine yako inasemaje kuhusu simu ya Ubaruku, Jumanne mchana?"

Nikatazama kumbukumbu. "Marahaba. Ilipokelewa na Tekla. Waliongea karibu dakika nzima."

"Kumbe ni kweli."

"Kweli nini, mama?"

Ndipo akanieleza. Kalinga, mkulima wa mpunga wa Ubaruku, mkewe alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Alipiga kuomba gari. Anasema simu ilipokelewa na mwanamume, akamsalimia vizuri, halafu akamkatia. Kalinga akaona amedharauliwa, hakupiga tena. Akampakia mkewe kwenye bodaboda. Mama alipona, mtoto hakupona.

"Tekla anaapa hakupokea simu, eti alikwenda chooni. Sasa wewe unasema alipokea, Kalinga anasema mwanamume. Ofisini kwa mjane kama Tekla, mchana kweupe, mwanamume gani? Kamati inakaa kesho. Ataondoka. Na akiondoka na jina hilo, nani Iringa atampa kazi?"

Simu ilikatika. Mwanamume. Anayesalimia vizuri. Nikaivua seva kitenge, nikaanza kuisoma skripti mstari kwa mstari.

Iko hivi. Simu ikimlilia Tekla asipopokea, mashine inasubiri muda niliouweka. Ukiisha, inaihamishia simu kwenye sauti iliyorekodiwa. Zamani sauti hiyo ilisema, "Acha ujumbe baada ya mlio," na watu wote wakakata. Nani aongee na mlio? Kamati ikaniambia niweke kitu cha kiutu. Nikarekodi yangu: "Hujambo, mwanangu? Habari za huko?" Halafu mashine inakaa kimya kumsikiliza mtu, na muda wa kusikiliza ukiisha inakata. Ujumbe uliokatwa njiani haiuweki.

Sasa sauti ile ikianza tu kusema, kwa seva simu imepokelewa. Imepokelewa na nani? Mimi sikuiambia kwamba simu imehama. Ikaandika jina la aliyepigiwa mwanzo. Tekla.

Kesho yake nilikuwa Iringa. Kamati ilikaa ghalani, juu ya viroba vya mahindi. Tekla alikuwa amesimama, kitambaa cha kichwa amekishika mkononi. Kalinga alikaa karibu na mlango, hakuvua koti. Nikaeleza yote kama nilivyowaeleza ninyi.

Junaid, mwenye duka la vipuri, akaguna. "Kwa hiyo mashine ilimwamkia mtu, halafu ikamsingizia Tekla. Na yule mbuzi wako, Mzee, alikuwepo?"

Wakacheka. Hata mimi ningecheka.

"Mzee Kasian," alisema Bi Mwanakhamisi, "nakuheshimu. Lakini jana uliniambia alipokea. Leo hakupokea. Nishike lipi? Huyu dada unamhurumia, sote tunamhurumia."

"Msinihurumie," alisema Tekla. "Niaminini."

Nikamwomba aweke simu ya ofisi juu ya kiroba, wote waione, asiiguse mtu. "Mwenyekiti, piga namba ya gari."

Akapiga, akaweka sauti ya nje. Simu ya kirobani ikalia. Ikalia, ikalia, Junaid akaanza kutikisa mguu. Ikanyamaza. Kisha kwenye simu mkononi mwa Bi Mwanakhamisi nikajisikia mwenyewe nikisema, mpole, mzito: "Hujambo, mwanangu? Habari za huko?"

"Sijambo, shikamoo baba," akajibu Bi Mwanakhamisi, na goti likampinda kidogo. "Huku kwema, sijui..." Akakumbuka. Akaziba mdomo.

Watu wakaangua kicheko. Nikafungua kompyuta yangu ndogo, nikamwonyesha: simu ya sasa hivi, imepokelewa, Tekla. Na Tekla huyo hapo, mikono mitupu. Junaid akasogea akasoma, kicheko kikamwisha. "Dada Tekla," alisema, "tusamehe."

Kalinga hakuwa amecheka. Alisimama akaja hadi mbele yangu.

"Ni hii," alisema. "Sauti ni hii." Alikuwa ananitazama mdomo. "Uliniuliza habari za huko. Mimi nimelelewa, mtu mzima akikuuliza habari humrushii shida usoni. Nikakwambia wazima. Nikakwambia mpunga unaendelea, maji yapo. Nikakuuliza na wewe za kwako. Nilikuwa ndiyo nafika kwenye habari ya mke wangu, ukanikatia."

Nikaiweka kompyuta kando.

"Pole, mwanangu," nikasema.

"Hilo umesema wewe au mashine?"

"Mimi."

"Itoe hiyo sauti. Kama hakuna mtu, simu ilie tu hadi ikatike. Nitajua hakuna mtu, nitapiga tena. Asiyekuwepo asinisalimu."

Hakuna mjumbe aliyepiga kura juu ya hilo. Nilikaa kwenye kiroba nikaiingia seva ya Mbeya kutoka palepale, Kalinga kasimama nyuma ya bega langu. Nikaifuta sauti. Nikaiagiza skripti: muda ukiisha, kwanza andika kwamba Tekla hakupokea, halafu mlilie dereva, naye asipopokea, andika hakupokea, kata. Nikakosea, nikarudia.

"Jaribu," nikamwambia.

Akatoa simu yake. Ya kirobani ikalia, hakuna aliyeigusa. Baadaye ikasikika ya dereva, Shedrack, nje kwenye gari la wagonjwa alilokuja nalo kutoa ushahidi. Tulikwishamwambia asipokee. Ikakatika. Nikawaonyesha: haikupokelewa, haikupokelewa.

Kalinga akapiga tena. Safari hii Tekla alifunga kitambaa chake kichwani, akaifuata simu, akapokea.

"Gari la wagonjwa, Tekla naongea. Sema shida yako."

Walikuwa hatua chache tu, lakini Kalinga aliibana simu sikioni, akageukia ukutani.

"Napiga kutoka Ubaruku," alisema. "Mke wangu..."

Hakuendelea. Tulisikia pumzi yake mara mbili, puani kwake na kwenye simu ya Tekla. Bi Mwanakhamisi alitaka kumfuata, nikamshika mkono.

"Nakusikia, kaka," alisema Tekla. Akavuta kiroba, akakaa. Hakukata.