Nafasi Kabla ya Jina

Watu wa Sumbawanga wanapenda vyeo, jamani! Mwandike mtu jina lake kavukavu kwenye kadi ya harusi uone kama hatakununia mpaka Krismasi. Ndiyo maana Zita, ambaye kadi zake za mkono zilifuatwa hata na watu wa Namanyere, alikuwa na utaratibu wake. Jina la baba wa bibi harusi aliliandika kwa wino mweusi, na kabla ya jina aliacha nafasi. Cheo kilikuja mwisho, familia ikishamaliza kubishana: Bw., Mwl., Mhe., Mzee. Au Marehemu.

Safari hii familia ilikuwa yake mwenyewe. Binti yake Angela alikuwa anaolewa baada ya mavuno, na kadi zilikuwa zimejaa mezani: manila nyeupe iliyokunjwa kwa mpini wa kijiko, utepe wa kijani, na pete mbili za ulezi zilizobandikwa kwa gundi punje moja moja. Alifanya kazi mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu kuku wa jirani walishawahi kula pete za maharusi wa Muze, na aibu ile hakutaka ijirudie. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa ile nafasi kabla ya jina la Benjamini.

Benjamini ni mumewe. Alivuka mpaka pale Kasesya kwenda kutafuta maisha upande wa Zambia, Angela akiwa bado na meno ya utoto, na ndiyo ikawa basi. Hakupiga simu wala hakutuma salamu. Zita alilia, akakasirika, kisha kitu ndani yake kikafa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Hakuwa mke, hakuwa mjane, alikuwa anakunja karatasi tu.

Halafu juzijuzi Fahadi, kijana wa jirani anayeendesha lori, akaja na habari. Amemwona Benjamini mjini Mbala, kule kule Zambia. Ana duka la saruji, ana mke, ana watoto.

"Alinijua, mama," Fahadi alisema. "Akageuza uso."

"Ahaa," alijibu Zita, akaendelea kukata utepe.

Sasa shemeji yake Baltazari, mdogo wake Benjamini, alikuwa amesimama pale mezani na haraka zake.

"Shemeji, andika Marehemu tumalize."

"Kwani amekufa lini?"

Baltazari akakohoa, akaangalia dari, na hapo ndipo ukweli ulipotoka. Siku ya posa yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Wakwe walipouliza baba wa binti yuko wapi, aliona aibu kusema kaka yake ametelekeza mke na mtoto. Akasema amefariki. Wakwe, watu wa Mungu, wakasimama wote wakamwombea raha ya milele.

"Kadi ikisema Bw., si watatuona matapeli?"

"Kumwandika mtu aliye hai marehemu ni uchuro, Baltazari."

"Uchuro gani tena, shemeji! Huyo alishajichuria mwenyewe."

Zita akamgeukia Angela, aliyekuwa akifunga utepe pembeni muda wote.

"Andika utakavyo, mama. Mimi hata sura yake siikumbuki." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Ila ukiandika Bw., watu watamtafuta kwa macho ukumbini. Na mimi nitamtafuta."

Basi Zita akachovya kalamu. Neno lile alikwishawaandikia wengi, na siku zote M yake ilikaa vizuri. Ilikaa vizuri na leo. Kwenye kila kadi alimzika mumewe, akapuliza wino ukauke, akachukua nyingine. Akasikiliza kama kuna mahali panauma. Hapakuuma.

Baltazari alipoondoka, na Angela akaenda kisimani, Zita alibaki na kadi mkononi. Kwa nje kuna mstari wa jina la mwalikwa, na pembeni mahali pa kuandika singo au dabo: singo anaingia mtu mmoja, dabo mtu na mwenzake. Kwenye mstari akaandika Bw. Benjamini, bila hata kufikiri. Lakini pale pembeni kalamu ikagoma. Singo maana yake aje peke yake, kama mume anayerudi kwake. Zita alikaa na kalamu hewani mpaka tone la wino likamdondokea kidoleni. Akaandika dabo.

Asubuhi alimkuta Fahadi anapasha injini moto kwa safari ya Mbala.

"Shikamoo, mama Angela."

"Marahaba, mwanangu. Hii mpe mwenyewe, mkononi."

Fahadi akaisoma nje, akaifungua, akaisoma ndani. Akaifunga tena.

"Mama, humu ndani amekufa. Huku nje amealikwa."

"Ndiyo."

"Akiniuliza je?"

"Mwambie msiba wake tulishamaliza. Kama anakuja, aje kama mgeni, na mkewe. Chakula kipo."

Fahadi aliiweka kadi juu ya dashibodi, akaingiza gia.

Zita aliporudi nyumbani, Angela alikuwa anapanga kadi za kugawa.

"Mama, mbona moja imepungua?"

"Niliiharibu."

Akakaa, akashika mkasi. Vidole vikaanza kumchoma, vile mguu unavyochoma ganzi inapoachia, na uchungu ukapanda mkononi hadi kifuani. Akauweka mkasi chini. "Uwiii, Benjamini!" akalia, kwa sauti ya msibani kabisa, na Angela akatupa kadi akamkumbatia. Mlango ulikuwa wazi. Kuku wa jirani wakaingia moja kwa moja hadi mezani, wakaanza kudonoa pete, na hakuna aliyewafukuza.