Mgongo wa Fundi Cherehani

Mume wangu ni fundi cherehani, na kama mafundi wengi ana jibu la kila swali isipokuwa nguo yako itakuwa tayari lini. Kwa hiyo ng'ombe wetu alipokataa kushika mimba, yeye hakubabaika. Alisema kosa ni la ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe tulimwita Bi Mkubwa, kwa sababu anakula kabla yangu. Ni chotara. Mama yake alikuwa ng'ombe wa kienyeji wa mama yangu mzazi, mwenye nundu na hasira, maziwa yake kikombe kimoja, nacho mpaka umbembeleze. Akapandishwa mbegu ya kigeni, akatuzalia huyu: madoa ya baba, kinundu kidogo cha mama, na uzao wake wa kwanza tulikamua ndoo ikajaa tukabaki tunatazamana. Mama yangu alifariki bila kuiona ndoo ile. Nampenda Bi Mkubwa, nisifiche. Katika vyote vya mama, amebaki yeye.

Sasa maziwa yalikuwa yamekauka na tumboni hamna kitu. Daktari wa mbegu alikwisha kuja mara tatu, na mara zote kazi yake ilipotea bure. Mume wangu akaenda kuongea na mchinjaji.

"Hatufugi pambo," akaniambia bila kunitazama, akitunga uzi kwenye sindano. "Mwisho wa mwezi anakuja na kamba."

Nikatoka kwenda zizini. Ningefungua mdomo, ningelia.

Hapa lazima nieleze mume wangu alivyokuwa akitambua kwamba ng'ombe yuko kwenye joto, yaani anataka dume. Alikuwa anasikiliza. Bi Mkubwa akilia, fundi anatupa mkasi na kushika simu. Daktari alimwambia kwamba dalili ya kutazama ni ng'ombe kupandana na wenzake. "Wenzake wapi?" fundi akajibu. "Mimi ninaye mmoja." Ikaishia hapo. Nilijaribu kusema kwamba Bi Mkubwa hulia majani yakichelewa, na majani huchelewa fundi akiwa na suti ya bwana harusi. Nikaambiwa nitazame sufuria yangu isiungue.

Basi asubuhi moja akaingia jikoni amenuna, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Tazama alichonifanya huyo ng'ombe wako!"

Akageuka. Mgongoni mwa shati palikuwa na alama mbili za kwato, matope bado mabichi.

"Amekupiga?"

"Amenipanda! Nimeinama kuweka majani, mara kidevu mgongoni, mara miguu. Hana adabu kabisa. Tena ana siku zake. Anatulia wiki tatu nzima kama mchumba, halafu siku moja anaanza tena."

Beseni likaniponyoka. Nilikumbuka mashati yote yenye matope mgongoni niliyoyafua mwaka ule, na maneno niliyomtupia kuhusu kuta anazoegemea.

"Baba watoto," nikasema, "si uliuliza wenzake wako wapi?"

"Niliuliza."

"Mwenzake ni wewe."

Akajipapasa mgongo. "Lakini hajalia," akasema.

"Mpigie daktari!"

Daktari alikuja jioni na mtungi wake wa mbegu, maana ng'ombe wanaoonekana na joto asubuhi yeye huwapandisha jioni. Akainua mkia, akaona ute mwangavu unaovutika kama wa yai. "Yuko tayari kabisa," akasema. "Safari hii mmejuaje?"

Mume wangu akatazama paa. Ikabidi nieleze mimi. Daktari akaegemea ukuta akacheka mpaka akajifuta macho, kisha akafanya kazi yake. Alipokuwa ananawa mikono alisema, "Fundi, wiki tatu zikitimia, mwinamie tena. Akikupanda, hajashika. Akikuacha, kuna matumaini makubwa."

Mchinjaji akaombwa asubiri mpaka siku hiyo. Ilipofika, akaja asubuhi na kamba yake begani, akasimama mlangoni pa zizi. Mimi nilishika nguzo. Mume wangu, akiwa na shati safi, akainama juu ya hori mpaka mshono wa suruali ukalalamika.

Bi Mkubwa akamsogelea. Akamnusa mgongo wote. Akailamba futi. Kisha akamsukuma kando kwa bega na kuanza kula majani yake.

Fundi akahamia upande wa pili, akainama tena, na safari hii akakohoa kidogo ili aonekane. Bi Mkubwa hakuinua hata kichwa.

Mchinjaji akakunja kamba yake akaenda zake. Mimi nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka. Fundi alinyooka polepole, mkono kiunoni, macho kwa ng'ombe.

"Hanitaki tena," akasema, na huzuni yake ilikuwa ya kweli.

"Pole, baba watoto," nikamwambia, nikimpangusa majani mabegani. "Bi Mdogo bado yupo."