Sauti ya Kumwita Kashata

Mume wangu Nahodha hakuwahi kuongoza chombo baharini hata siku moja. Jina alipewa na babu yake tu. Yeye alikuwa mtu wa gari la ng'ombe, na ng'ombe wake wa mwisho alimwita Kashata, kwa ile rangi yake ya sukari iliyoungua. Alipofariki, nikaingia eda, miezi minne na siku kumi, humu humu nyumbani kwetu Bwejuu. Siku ya tatu, watu walipokwisha kutawanyika, mwanangu mkubwa Mwalim akasimama mlangoni.

"Mama, siku ukitoka eda tutamsomea baba hitima kubwa. Tutamchinja Kashata. Kazi hafanyi, anakula bure."

Na kweli. Tangu jeneza litoke, kila akifungwa gari ng'ombe yule hapigi hatua. Wamwite, wampige, kasimama kama kisiki. Lakini mimi kila nikimsikia akicheua huko bandani nilikuwa naona kama nusu ya mume wangu bado ipo.

Aliyekataa ni mjukuu wangu Munir, kijana wa miaka ishirini na moja, amekuja kutoka Mpendae, mjini, kwa ajili ya msiba. "Ami, huyu alikuwa akishinda resi za magari ya ng'ombe. Nipe mwaka huu nimkimbize mimi."

Mwalim akacheka. "Wewe? Wewe wa lami? Haya, resi zipo nne kabla bibi yako hajatoka. Ukiwapita machipukizi wenzako wote kwa hesabu ya resi zote nne, ng'ombe ataishi, wala sitomgusa. Ukishindwa, sufuria nshaliazima."

Chipukizi ni dereva anayeingia resi mwaka wake wa kwanza. Mwaka huu walikuwa saba, na wote wakimwogopa Hafiz wa Paje, aliyezaliwa, kama wasemavyo watu, juu ya gari.

Kutoka kwenda kuangalia siwezi. Nikakaa na nguo zangu nyeupe na tasbihi, sikio dirishani. Resi ya kwanza Munir alirudi na mchanga hadi kwenye nyusi.

"Bibi, kitendawili!"

"Tega."

"Kafa, lakini anaita."

"Ngoma hiyo. Ng'ombe kafa, ngozi yake inalia."

"Siyo."

"Basi baragumu."

"Siyo. Nipe mji."

Nikampa Makunduchi. Akasema mdogo. Nikampa Mji Mkongwe wote, na Forodhani yake na pweza wake. Hapo akatoa simu, akabonyeza.

"Haya Kashata! Pepea baba! Pepea wangu!"

Nahodha. Nahodha mwenyewe, na kile kikohozi chake mwishoni. Tasbihi ikanianguka.

Ilikuwa sauti ambayo Nahodha alimtumia kwa simu binti yetu Fathiya, anayekaa Michenzani. Alikuwa akizungumza naye njiani, akamkatiza kumhimiza ng'ombe. Munir kaiomba, kakata hapo penye mwito tu, kaitia kwenye spika ndogo aliyoifunga mbele ya gari, ikawa inajirudia yenyewe. Kashata alipoisikia, anasema Munir, alinyanyua masikio, akatazama huku, akatazama huku, kisha akaondoka. Hafiz alikula vumbi lake.

Nililia, nikajifuta. Badala ya kumkanya mtoto, nikamwambia, "Basi izidishe sauti, asikie vizuri."

Resi ya pili Hafiz akashinda, Munir akawa wa pili. Ya tatu Munir. Kijiji kizima sasa kinazungumza habari ya chipukizi wa Mpendae. Hafiz akampigia kelele hapa hapa mbele ya nyumba: "Wewe Munir si dereva, wewe abiria wa babu yako!"

"Na wewe mwambie wako akupakie!" Munir akamjibu. Babu yake Hafiz alikuwa yupo nyuma yake, akacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka.

Resi tatu zile zilikwenda pwani, maji yakiwa yametoka. Ya nne iliangukia siku ya maji kujaa, ikahamishiwa nyuma ya skuli, kwenye ardhi ngumu. Zilibaki siku tisa nitoke eda. Kutoka kwangu hadi skuli si mbali, na upepo ulikuwa unaleta. Nikaisikia ile sauti inaanza. Pepea baba. Nikasikia watu wanavyoshangilia, vigelegele, jina la Munir. Nikasema alhamdulillahi, kapona Kashata.

Lakini sauti haikunyamaza. Pepea wangu, pepea baba, inazidi kwenda mbali, na resi ilikwisha kumalizika. Kisha wanawake wakapiga ukelele mmoja.

Jirani yangu Wanu ndiye aliyeingia, kanga imemshuka begani. "Munir wa kwanza, Bi Tahiya. Bega limeteguka, lakini mzima. Ng'ombe hakusimama. Mtoto kavuta kamba ya pua mpaka damu, hakusimama. Kaugonga ukuta wa mawe, kavunjika miguu ya mbele. Mwalim kamuwahi kwa kisu."

Kule pwani mchanga mwepesi wa mwisho wa njia ndio uliokuwa ukizamisha magurudumu na kumsimamisha. Hilo Munir hakulijua. Na mimi nilikuwa nalijua jengine, nikakaa nalo humu ndani miezi minne. Nahodha hakuwa akimvuta Kashata kamba. Kila jioni kwa miaka kumi na moja, mimi nikiwa jikoni, nilikuwa namsikia akifika uani akisema taratibu, "Umefika kwenu," na magurudumu yakinyamaza. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka. Sikuyahesabu kuwa mambo ya resi.

Siku niliyotoka eda walipika pilau ya nyama yake, iliyokaa kwenye friza tangu siku ile. Munir alikaa karibu yangu na mkono umefungwa shingoni. Kikombe cha chipukizi wa mwaka alikuwa amekiweka chini ya kiti, hakitaki. Sahani hakuigusa.

"Nisamehe, bibi. Nimemuua ng'ombe wa babu."

Ningeweza kunyamaza. Mwalim alikuwa akigawa maji, watu wanaitikia dua, hakuna aliyetusikia.

"Hukumuua wewe," nikamwambia. "Neno la kumsimamisha nilikuwa nalo mimi."

Akanigeukia. "Lipi?"

Nikamwambia.

Munir akalisema na yeye, kwa chini, mara moja. Kisha akaniuliza, "Ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo tu, baba."

Hakunigombeza. Akaninyanyua kwa ule mkono mmoja mzima, akanitoa uani, kwenye jua nililokuwa sijaliona miezi minne, akaniwekea kiti. Afadhali angenigombeza.